Habari Kuu za Xaveri wa Ukata na Shimo Lililozuia Anga

Sogeeni, enyi watu wa milimani na enyi watu wa ziwani, wake kwa waume, mliopata viti na mliokosa. Zimeni redio, wafungeni mbuzi, na mwenye kikohozi akikohoe sasa akimalize, kwa maana jambo ninalokwenda kulinena ni zito, nalo liliitikisa Ukata tangu mlango wa kanisa hadi mashine ya kusaga. Sitawasimulia wafalme waliovuka mito na majeshi yao, wala simba aliyeuawa kwa mkono mtupu, kwani hao wamekwisha kusifiwa vya kutosha na sifa zimewavimbisha. Nitawasimulia shimo, shimo lenye kina cha goti la mtu mzima, na mtu mmoja aliyelishinda. Nami nauomba ulimi wangu usinikimbie katikati ya habari, na kumbukumbu yangu isitie chumvi zaidi ya ile ambayo habari yenyewe ilikuja nayo kutoka shambani.

Alikuwako basi Xaveri mwana wa Othmar, mwenyekiti wa kitongoji, Mwenye Koti la Kaki, Mpuliza Filimbi ya Mikutano, ambaye akiita upande huu wa bonde, watu wa upande wa pili huacha uji mezani wakaja mbio wakidhani kuna msiba. Ndiye aliyemkemea mnunuzi mmoja wa kahawa kwa ukali hata mizani ikajirekebisha yenyewe. Ndiye aliyesimama mbele ya nyuki waliohamia choo cha shule, akawahutubia, nao wakahama, ingawa wako wanaosema walihama kwa sababu ya moshi. Shujaa huyo hakumwogopa mtu yeyote chini ya jua ila mmoja tu, naye alikuwa mama mkwe wake.

Lakini nimesema vibaya, sharti nijirekebishe kabla ukoo haujaniita barazani. Hakumwogopa, alimheshimu. Kwa jadi ya ukoo ule mkwe hamtazami usoni mama mkwe, wala hamwambii neno ana kwa ana, na wakikaribia kukutana njiani mmoja wao huingia katikati ya miti ya kahawa akasimama kimya mpaka mwenzake apite. Tangu Xaveri alipomwoa Asteria, yeye na Mama Katarina walikuwa wamebadilishana "Shikamoo" na "Marahaba" kutoka mbali, na baada ya hapo hakuna mmoja aliyejua sauti ya mwenzake inakuwaje ikiuliza swali.

Na Katarina mwenyewe alikuwa nani? Alikuwa Malkia wa Maharage, Mwenye Jembe Lisilolala, mjane wa magoti mabovu na mgongo ulionyooka, ambaye mashamba yake milimani yalitazamwa na maofisa wa kilimo kama watu wengine wanavyotazama picha za harusi.

Ikawa mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimekolea, akafika Ukata Bi Saida binti Bakili, mpangaji wa vituo vya teksi za anga, ameshika ramani na amevaa viatu ambavyo matope yetu yaliviheshimu kwa muda mfupi sana. Filimbi ikalia na mkutano ukajaa. Alianza kwa kusema mahali hapo pawe tambarare, lakini alilisema hilo mwanzoni kabisa, wakati watu bado wanasalimiana na kugombania benchi, hivyo likapita juu ya vichwa vyetu. Ndipo alipopaza sauti.

"Ndugu zangu wa Ukata," akasema, "chombo hiki hakihitaji njia ndefu ya kukimbilia kama ndege. Kinapanda wima na kushuka wima, tena kwa umeme. Kitatoka Songea mjini, kipite juu ya milima hii, kishuke Ngumbo ziwani. Hapa katikati kinahitaji mahali pa kupumzika na kuchaji kwa nguvu ya jua. Leo sijaja na chombo, nimekuja kutafuta mahali. Na mahali penyewe pawe endelevu: nyumba ya mtu isivunjwe, miti isikatwe ovyo, nyasi zisichomwe moto, na mvua ikinyesha isiondoke na udongo."

"Chombo chenyewe kinakuja lini, mwanangu?" akauliza mzee mmoja.

"Sijui, baba. Huenda ikawa miaka. Lakini pasipopangwa sasa patakuja kupangwa vibaya baadaye. Na nisiwafiche, Kitai nao wameomba."

Kitai! Jina hilo lilipotajwa mkutano uliguna kwa pamoja. Kitai wana lami, Kitai wana mabasi yanayopiga honi mchana kutwa, na sasa wanataka na anga? Xaveri akainuka, koti lake likainuka pamoja naye, akanena kwa sauti ya kupasua mawingu: "Bi Saida, mgeni wetu! Wakati watu wa Kitai wanakimbilia abiria kama kuku wanavyokimbilia mtama, sisi wa Ukata tunabebwa kwa machela. Tuna wagonjwa, tuna wajawazito, na tuna barabara ambayo masika huifuta kama mwalimu anavyofuta ubao. Rudi Alhamisi, mama, nawe utakuta uwanja uliowiva!"

Watu wakapiga makofi. Hata hivyo walijua anasema nini, nao hawakucheka. Masika yaliyopita Asteria alishikwa na uchungu, gari lililokuwa likimpeleka hospitali Mbinga likazama kwenye tope la mteremko, na mtoto Recho akazaliwa pale pale barabarani, mvua ikinyesha, wanawake wamezunguka na vitenge. Kwa sababu hiyo ilipoulizwa nani atatoa ardhi, sauti ya Katarina ilitoka nyuma kabisa ya mkutano ikisema, "Chukueni shamba langu la juu." Lilikuwa shamba lake bora, lililopumzishwa mpaka nyasi zikafika kiunoni, na alikuwa amelikusudia kwa maharage ya mwaka huo. Akalitoa hivyo hivyo, akajifunga kitenge, akaenda zake.

Sasa tegeni masikio, maana hapa ndipo balaa lilipoingia kwa mlango wa adabu. Jioni ile Xaveri alikwenda kwa mama mkwe kutoa maagizo, kwa utaratibu ule ule wa siku zote: yeye aliketi nje ameupa ukuta mgongo, Katarina aliketi ndani upande wa pili wa ukuta huo huo, na Asteria alisimama mlangoni kama daraja.

"Asteria, mwambie mama kwamba shamba lake limepokelewa kwa heshima kubwa. Mwambie liandaliwe kwa njia endelevu. Nyasi zifyekwe, zisichomwe. Udongo ulindwe, mvua isiuchukue. Wakaguzi watakuja Alhamisi."

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Mwambie itafanyika."

Itafanyika! Lo, neno lile! Xaveri hakusema pawe tambarare, kwa kuwa aliona hakuna mtu duniani asiyejua kwamba kitu kinachoshuka kutoka mbinguni hutafuta mahali palipo sawa. Akapanda pikipiki akashuka Mbinga mjini kununua chokaa ya kuchorea duara, mvua ikakata njia nyuma yake, akakwama kwa ndugu yake mpaka Alhamisi asubuhi.

Lakini mwambieni Mmatengo yeyote wa milima hii yetu, mwezi wa tatu, mbele ya shamba lenye nyasi kiunoni: fyeka, usichome, linda udongo usichukuliwe na mvua. Hatakuuliza swali la pili. Wanaume watayafyeka majani na kuyalaza chini kwa mistari inayopandana, wanawake watachimba katikati ya kila mraba na kuyafunika majani kwa udongo, na kabla hujamaliza kuwashukuru utakuwa na ngolo, yaani matuta yanayozunguka mashimo, ambayo kwayo babu zetu walilima miteremko mikali na udongo ukabaki mahali pake.

Xaveri alipofika juu na mfuko wake wa chokaa begani, akaona. Shamba zima lilikuwa mashimo, safi, ya mraba, yaliyopangana kama trei ya mayai, na matuta yamesimama kati yake yakimeta kwa umande. Ilikuwa kazi nzuri kupita kiasi. Chokaa ikamtoka begani ikaanguka chini.

"Ole wangu mwana wa Othmar!" akalia. "Niliomba uwanja wa kutua, nimepewa shamba bora kuliko yote wilayani! Hata panzi hawezi kutua hapa asivunjike mguu! Mkaguzi anakuja saa hizi, na Kitai wamekaa kwenye tambarare yao wanachekelea!"

Mimi ninayesimulia nilikuwa kwenye kahawa ya jirani, nikijifanya napogolea, na ninakiri mti mmoja niliupogolea zaidi ya ulivyohitaji. Kwa hiyo niliyaona yote kwa macho yangu.

Kwanza shujaa aliita msaada. Akamwendea mkewe, aliyekuwa pembeni ya shamba na Recho mgongoni, akamsihi kwa maneno matamu. "Ewe Asteria, taa ya nyumba yangu, daraja langu nisilozama nikipita! Nenda ukamwambie mama kwamba mashimo haya yafukiwe."

"Baba Recho, mimi siendi," akajibu Asteria.

"Huendi?"

"Siendi. Mama na magoti yale yuko hapa tangu Jumatatu. Kakusanya shangazi zangu, kakusanya wanawake wa jumuiya, wamechimba huku wanaimba. Nikamwambie nini, kwamba jasho lake lote limekuwa bure? Siku ya mkutano mimi nilikuwa kliniki na mtoto, nilidhani ndivyo mlivyokubaliana huko. Maneno yalitoka kinywani mwako. Yafuate mwenyewe."

Daraja likawa limevunjika. Hapo Xaveri akabuni hila ya kivita. Kando ya shamba alikuwako mbuzi wa Katarina, amefungwa kwenye kigingi, anatafuna kwa utulivu wa jaji, na Katarina mwenyewe alikuwa hatua chache kutoka hapo akipanda maharage juu ya matuta. Xaveri akasimama nyuma ya ua wa kahawa, akamhutubia mbuzi.

"Ewe mbuzi, mwenye ndevu na mwenye pembe, wewe ukaaye hapa kutwa ukaona yote! Hebu niambie, chombo cha angani chaweza kutua penye mashimo? Je, isingefaa watu wayafukie, hasa yale ya katikati, tena upesi, kabla gari la wageni halijafika?"

Katarina aliacha kupanda. Akasimama, akafikiri. Kisha, bila kugeuza uso upande wa mkwewe, akaja kwa mwendo wa staha, akamfungua mbuzi, akampeleka mbali kabisa kule bondeni, ili asiendelee kumsumbua mwenyekiti. Akarudi kwenye maharage yake. Hivyo jeshi la Xaveri lilishindwa katika pambano la kwanza na mjumbe wake akachukuliwa mateka, na shujaa akabaki anatazamana na kigingi.

Ndipo iliposikika honi kutoka chini ya mlima. Gari la Bi Saida lilikuwa linapanda, likinguruma, likiteleza, likinguruma tena. Xaveri alitazama njia. Akamtazama Recho, aliyekuwa amelala mgongoni mwa mama yake mdomo wazi. Akavuta koti lake, akafunga vifungo vyote, hata kile cha juu ambacho hakifungwi ila siku ya kipaimara, akaingia shambani.

Enyi wasikilizaji, nimeona watu wakiingia ziwani kwenye mawimbi, nimeona watu wakiingia ofisini kudai haki yao, lakini sijaona mtu akiingia mahali kwa miguu mizito namna ile. Aliruka tuta, akaruka tuta jingine, akafika kwenye shimo la katikati kabisa, ambapo Katarina alikuwa ameinama. Katarina aliposikia hatua akageuka akampa mgongo, kwa heshima. Xaveri naye akageuka akampa mgongo, kwa heshima. Wakasimama hivyo, migongo ikitazamana, shimo likiwa kati yao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Hapo ndipo ulipokuwa mpaka wa dunia inayojulikana. Hakuna mkwe wa ukoo ule aliyewahi kupita hapo. Upepo ukakata. Honi ikalia karibu zaidi.

"Mama," akasema Xaveri, na ile sauti ya kuita bonde zima ikatoka ndogo kama ya mtoto anayeomba ruhusa. "Tumekosea. Mimi ndiye niliyekosea. Sikusema yote. Chombo hakiwezi kutua kwenye ngolo, panatakiwa pawe sawa."

Nikaacha kupogolea. Kisha Katarina akafanya jambo ambalo macho yangu hayakutegemea kuliona: akageuka, akamtazama mkwewe usoni.

"Haa!" akasema. "Si ndicho nilichosema mimi!"

Xaveri naye akageuka. "Ulimwambia nani, mama?"

"Nilijiambia mwenyewe! Tangu Jumatatu najiuliza, ni chombo gani hiki kinachotafuta shimo kama kuku anayetaka kutaga? Nikasema, lakini mkwe ndiye mwenyekiti, yeye ndiye aliyekaa na wasomi, mimi nani nimrekebishe? Wakisikia watu nimempinga mkwe, nitaiweka wapi sura yangu? Basi tukachimba."

"Na mbuzi je, mama? Hukusikia nilivyomwambia mbuzi?"

"Nilisikia vizuri kabisa. Nikasema, yale ni maongezi yako na mbuzi. Mimi si mtu wa kudakia maongezi ya watu."

Xaveri akakaa juu ya tuta, koti na yote. Nilidhani ameanza kulia, kumbe anacheka, na Katarina akacheka pia, amejishika magoti. Walipomaliza, yule mama hakuondoka. Alisimama akifikicha udongo mikononi, akaanza kusema polepole.

"Siku ile barabarani, ulisimama nyuma ya gari kwenye mvua, umetugeuzia mgongo, kwa sababu mimi nilikuwa pale. Nilikusikia ukilia. Mtoto alipotoka mzima nilitaka nije mimi nikuambie, kabla ya mtu mwingine yeyote. Nikaona haya. Nikamtuma dereva."

"Dereva alisema vizuri, mama."

"Hata kama. Lilikuwa langu mimi kusema."

Xaveri alifuta uso kwa kiganja chenye udongo, ukawa mchafu zaidi. Hakutoa hotuba, na mimi ninayemjua tangu utoto nathibitisha kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukosa hotuba. Alinyoosha mkono akaomba jembe, akateremka ndani ya shimo la katikati, akaanza kuvunja tuta. Alivunja vibaya. Katarina alivumilia kidogo tu, kisha akamwambia ashike hivi na si vile, asimwage majani, ayakanyage kwanza. Akachukua jembe jingine, wakalifukia pamoja, yeye akielekeza na Xaveri akitii, udongo ukiruka huku na huku kama vumbi la farasi wa vita, mpaka shimo likajaa, likashindiliwa kwa miguu, likawa sawa na ardhi.

Bi Saida alifika na matope hadi magotini, akakuta shamba la mashimo yasiyohesabika, na katikati yake kipande kimoja kilicho sawa, na watu wawili wamesimama juu yake wakihema.

"Mungu wangu," akasema. "Nani kachimba hivi?"

"Mimi," akasema Katarina.

"Mimi," akasema Xaveri, wakati huo huo.

Bi Saida aliwatazama wote wawili, akatazama ramani yake, akazunguka shamba lote akipima upepo na miti. Hatimaye akasimama pale pale palipofukiwa, akakanyaga mara kadhaa kwa kisigino.

"Haya. Mfukie na mengine yanayozunguka hapa, mpaka duara litoshe. Ya pembeni yaacheni, maharage hayakizuii chombo kushuka. Nitarudi mwezi ujao. Ukata imebaki kwenye mpango."

Akachomoa mkobani kigingi chenye kitambaa chekundu, akampa Xaveri nyundo. Xaveri akampa Katarina nyundo ile. Katarina akakigonga kigingi, kikazama katikati ya lililokuwa shimo, na wanawake wa jumuiya waliokuwa wanapanda njia wakapiga vigelegele hata ng'ombe wa jirani wakaacha kula. Kitai walizipata habari hizo kabla ya chakula cha mchana, nasi tulihakikisha wamezipata.

Chombo hakijaja hadi leo. Wengine huenda juu kila jioni wakatazama mbinguni, kisha wakashuka wakapike. Lakini Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Mama Katarina alisimama mlangoni mwa kanisa mbele ya watu wote, akamngoja mkwewe atoke, akamuuliza alivyoamka. Mazungumzo ya watu yakakatika. Watoto wakanyamazishwa. Na Xaveri mwana wa Othmar, Mshindi wa Shimo la Kati, Mfungua Njia ya Anga, akavuta pumzi ndefu na kujibu kwa sauti iliyosikika ng'ambo ya bonde:

"Salama, mama. Na wewe?"

Basi liandikeni hilo, enyi mnaoandika mambo ya mataifa, liandikeni kwa herufi kubwa na mwaka wake kando. Kengele ya kanisa ililia palepale. Mpiga kengele anasema saa ilikuwa imefika tu, lakini sisi tuliokuwapo hatukubali.